Jibu kwa mwalimu ambaye darasa lake halijibu maswali

Mwalimu mwenzangu, umesema wanafunzi wako wa kidato cha kwanza hunyamaza kila unapouliza swali la Biolojia. Nadhani kinachowafunga mdomo ni lugha kuliko uvivu, kwani hapa Tanzania wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha ghafla wanakutana na Kiingereza. Mimi niliwapa dakika 2 wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili, halafu mmoja aandike sentensi ya Kiingereza ubaoni, hata yenye makosa. Wiki ya tatu, binti wa dawati la nyuma aliomba chaki mwenyewe. Mwombe pia mwenzako akae nyuma aandike unawauliza akina nani, maana mimi, kwa aibu yangu, niligundua nawarudia watano walewale. Anayekunja uso akitazama ubao, zungumza na mzazi wake apimwe macho kabla ya kumwita mzito.