Maumivu ya mifupa na ARV: majibu kwa wasomaji

Shikamoo daktari. Nina miaka 53, natumia ARV tangu 2009. Magoti na mgongo vinaniuma. Jirani anasema TLD inakula mifupa. Niache?

Marahaba, mama. Usiache hata dozi moja. Jirani ana ukweli kidogo: tenofovir, moja ya dawa tatu za ARV zilizomo ndani ya kidonge cha TLD, huchangia mifupa kupungua uimara, kwa kawaida asilimia 2 hadi 6 katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo, kisha hali hutulia. Virusi vikiachwa huru vinaharibu mifupa pia, na mengine mengi. Kwa umri wako, kukoma hedhi nako kuna mchango mkubwa.

Ila mifupa iliyopungua uimara haiumi. Hukaa kimya mpaka ivunjike. Magoti hayo huenda ni viungo kulika tu. Mgongo ukikushika ghafla baada ya kuinua ndoo, au ukiona umepungua kimo, wahi kliniki, pingili inaweza kuwa imebonyea. Omba pia kipimo cha figo. Tenofovir ikizisumbua, madini ya fosfeti hupotea kwenye mkojo na mifupa hulainika. Hapo daktari atakubadilishia dawa.

Naendesha bodaboda, nina miaka 38. Kinena cha kulia kinauma nikitembea, maumivu yanashuka hadi gotini. X-ray haikuonyesha kitu. Zamani nilitumia prednisolone kwa miezi mingi.

Kaka, usiridhike na hiyo X-ray. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu, na mwanzoni X-ray huwa safi kabisa; kipimo cha picha cha MRI ndicho kinachoonyesha mapema. Wanaoishi na VVU hupata tatizo hili zaidi ya wengine, hasa waliotumia dawa za jamii ya prednisolone (steroidi) au wanaokunywa pombe nyingi. Wengi hupoteza miezi wakichua goti, kumbe ugonjwa uko nyonga.

Mwambie daktari historia ya prednisolone bila kusubiri akuulize, na omba rufaa kwa daktari wa mifupa. Likigundulika mapema, mfupa huweza kutobolewa ili kupunguza shinikizo ndani yake. Kichwa kikishabonyea, dawa ni kubadilishiwa nyonga, upasuaji unaofanyika hapa nchini, kwenye Taasisi ya Mifupa (MOI), Muhimbili. Kwa sasa punguza kubeba mizigo mizito na acha pombe.

Nimenunua vidonge vya kalsiamu. Ninywe pamoja na TLD?

Tumbo likiwa tupu, hapana. Kalsiamu huinasa dolutegravir, dawa nyingine iliyomo ndani ya TLD, na kuizuia isiingie mwilini, nawe utadhani umemeza dozi kamili. Meza TLD saa 2 kabla ya kalsiamu au saa 6 baada yake, au vyote pamoja na mlo. Vidonge vya kuongeza damu ni hivyo hivyo. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zitenge kwa saa hizo hizo, hata kama umekula. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mtindi havina masharti hayo.

Natumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Ina shida?

Nayo hupunguza uimara wa mifupa, ingawa hurejea ukiacha. Ukiwa kwenye tenofovir, zungumza na muuguzi kuhusu kitanzi au kipandikizi. Kipandikizi hakigombani na dolutegravir. Efavirenz, ARV nyingine, ndiyo hukidhoofisha, kwa hiyo hakikisha kwanza unameza ipi.