Bibi hakuhama, alisombwa

Habari za kazi mhariri, na wasomaji wenzangu wote. Wiki hii mmeuliza, "Katika ukoo wenu nani alisafiri mbali zaidi, na safari hiyo ilibadilisha nini?" Swali limenikaa kichwani tangu Jumatatu, niko dukani nauza saruji na misumari hapa Nkuhungu, Dodoma, huku nalijibu kimoyomoyo, mpaka nikaona bora niandike.

Kwa ramani jibu ni rahisi, mdogo wangu yuko Guangzhou, China, mwaka wa nne huu, na baba mkubwa alienda manamba kwenye mkonge kule Tanga akarudi ameshazeeka. Lakini jibu langu mi ni bibi mzaa mama, ambae safari yake kubwa haizidi kilomita 6.

Mwaka juzi nilianza kumrekodi kwa simu, jikoni kwake, kijijini upande wa Bahi. Swali la kwanza tu nikakosea. Nikamuuliza, bibi, mlihama lini kuja hapa? Alikuwa anachambua mlenda, akanyamaza kidogo, akasema, "Hatukuhama. Tulisombwa." Mi nikaendelea tu, nikasema haya, mlipohama sasa... akanikata. "Mjukuu wangu, kuhama unaamka mwenyewe unasema hapa pamenishinda, au kule kuna majani ya ng'ombe. Sisi tulisombwa, kama mchanga." Na mimi kila siku napigiwa simu na wateja nisombewe mchanga tripu mbili, tripu tatu, kwa hiyo lile neno liliniingia vibaya sana, tangu siku hiyo nikilisikia dukani namuona bibi juu ya lori.

Ilikuwa 1971, Operesheni Dodoma, ile ya serikali kukusanya watu wa mkoa kwenye vijiji vya pamoja, miaka miwili kabla ya amri ya nchi nzima ya watu wote kuishi vijijini. Mkoa ulikuwa umetoka kwenye ukame na njaa, serikali ikasema watu wakikaa pamoja ndo watapata maji, shule na zahanati, Mwalimu Nyerere mwenyewe akaja akakaa Chamwino akifyatua matofali na wanakijiji. Hayo tumesoma shuleni. Ya bibi hayako kwenye kitabu. Lori lilikuja asubuhi kiangazi, uwele ulikuwa tayari umo kwenye vilindo vya kuhifadhia nafaka, vijana wakaanza kupakia. Aliye na kitu kizito aliambiwa achague. Bibi alikuwa na jiwe la kusagia aliloachiwa na mama yake, akapanda na lile dogo la juu amelishika mkononi, lile kubwa la chini akaambiwa acha. Miti ya tembe ikang'olewa ili isiwepo nyumba ya kurudia. Huko walikofikishwa kulikuwa na vigingi tu vimepangwa kwenye mstari, wakalala chini ya mti mpaka wakajenga.

Mlipouliza ilibadilisha nini, nadhani hapa ndo pa kukaa. Mgogo wa zamani tembe lake lilizunguka zizi, ng'ombe katikati, shamba nje ya mlango, samadi unaitupa hapohapo. Kwenye mstari ng'ombe wakawa huku na shamba limebaki kule, mtu anatembea saa nzima na nusu kwenda kulima na samadi haiendi. Bibi anasema mavuno yalipungua kwa sababu hiyo na si mvua peke yake. Lakini hapohapo, kwenye pumzi ileile, anasema mama yangu alianza darasa la kwanza kwenye kijiji kile kipya, na ndo mwanamke wa kwanza kwenye ukoo wetu kusoma barua mwenyewe bila kusomewa. Nimesikiliza hicho kipande mara nyingi na kila mara anayasema yote mawili kwa sauti ileile, hapandishi wala hashushi, na mimi naomba atakaekuja kuandika historia ya Operesheni asimkate bibi katikati akachukua nusu anayoitaka.

Kingine nilichojifunza, usimuulize mzee mwaka. Uliza ilikuwa njaa ipi, nani alikuwa na mimba, ng'ombe walikuwa wapi. Bibi nilimuuliza mama yake alizaliwa mwaka gani, hajui, ila akasema alizaliwa njiani wakati wa Mtunya, wazazi wake wakiwa wanakwenda kuhemea chakula, akapewa jina lenye maana ya njaa. Basi hapo mwaka ukajileta wenyewe, maana Mtunya ndo ile njaa kubwa ya Ugogo ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na baadae ya Waingereza yamechukua ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakata. Jina la mtu mmoja limebeba vita nzima.

Mwaka jana mwezi wa nane nikampeleka mahame, kule walikosombwa, yeye kwenye bajaji, mi na binamu yangu kwa pikipiki. Ni kichaka sasa hivi, ila palipokuwa zizi unapajua tu, udongo mweusi na majani yamestawi kuliko kwingine. Bibi hakuuliza njia. Alienda moja kwa moja mpaka kwenye makaburi, akakaa, akaongea nao Kigogo kwa muda mrefu, hapo nilizima simu. Aliponyanyuka akatuonyesha jiwe lake la chini liko palepale, limezama nusu, shimo la kusagia limejaa majani makavu. Akayatoa kwa mkono yote, akapitisha kiganja ndani kama anavyopangusa unga.

Siku hizi Dodoma kila mtu anahama. Uamuzi wa makao makuu kuja hapa ulipitishwa 1973, miaka miwili tu baada ya bibi kusombwa, lakini ni 2016 ndo ikatangazwa serikali inahamia kweli, na 2018 tukawa jiji. Bibi alipewa asubuhi moja, serikali ikajipa miaka zaidi ya 40. Biashara yangu imekua kwa sababu ya ujio huo, nashukuru kwa hilo. Ila mama mdogo aliletewa barua kwamba anatakiwa kupisha mradi, nikamsomea bibi, akaniambia nirudie. "Kupisha ni barabarani," akasema, "unampisha mtu apite aende zake. Huyu hapiti, anakaa." Nimeirekodi pia hiyo, na barua nimeipiga picha.

Mpaka sasa nina saa nne na dakika kadhaa, zaidi ya nusu ni Kigogo, nimehifadhi kwenye fleshi mbili. Bibi ananisisitiza niende kwa kaka yake Manyoni kabla ya mvua, maana yeye usiku ule kabla ya malori alitoka na ng'ombe akapotelea magharibi na wala hakusombwa. Nilimpigia, akanijibu kwamba yeye alitoroka, nije na betri ya kutosha. Jumamosi napanda basi.