Mnaoanza chuo, usingizi uwekeni kwenye ratiba kwanza

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa kwanza hapa Upanga, Dar es Salaam, na nyinyi mlioko vyuo vya Mlimani au Chang'ombe, kuna ushauri mtapewa wiki hii hii na waliowatangulia: chuo ni kukesha. Mtaonyeshwa vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, vinavyojaa watu mpaka alfajiri UE (mitihani ya mwisho wa muhula) zikikaribia, na mtaambiwa kahawa inauzwa wapi. Nimewafundisha anatomia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa muda wa kutosha kuona jinsi ushauri huo unavyowatia sapu, yaani mitihani ya marudio, vijana wenye akili nzuri kabisa. Naomba mnisikilize kabla ratiba zenu hazijakaa. Andikeni kwanza saa za kulala, masomo yapangwe kuzizunguka.

Ukisoma leo mishipa ya fahamu ya mkono, inakotokea shingoni, inavyoungana na kugawanyika mpaka vidoleni, habari hizo hupokelewa na sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, usawa wa masikio, iitwayo hipokampasi. Hiyo inashika upesi, lakini haitunzi kila kitu kwa miaka. Makao ya kudumu ni gamba la ubongo, ile tabaka ya nje iliyojikunjakunja. Tazameni bandari yetu: makontena yanashushwa Kurasini, lakini mzigo wa Mwanza au wa Lubumbashi hauwezi kubaki pale, maana gati likijaa meli inayofuata inakosa pa kushusha. Sehemu kubwa ya kazi ya kuusafirisha mzigo wenu hufanyika mkiwa mmelala.

Kwamba mapokezi na hifadhi ni vitu viwili, wataalamu walijifunza hasa kwa mgonjwa mmoja wa Marekani, Henry Molaison. Mwaka 1953, Molaison akiwa na miaka 27, daktari William Scoville alimpasua ili kumtibu kifafa, akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Mambo ya utotoni Molaison aliendelea kuyakumbuka. Mambo mapya ndiyo hayakukaa tena, na hali hiyo ilidumu mpaka alipofariki mwaka 2008.

Na usingizi unaingiaje? Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walichapisha walichokiona kwa panya. Walipachika nyaya nyembamba kwenye hipokampasi wakafuatilia seli zipi zinafanya kazi pamoja panya anapopita mahali fulani. Panya walipolala, seli zilizokuwa zikifanya kazi pamoja wakati wa kutembea zilianza tena kufanya kazi pamoja. Ubongo ulikuwa unapitia upya yaliyotokea. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba marudio hayo huenda kwa mfuatano wa njia yenyewe, tena kwa kasi kubwa kuliko mwendo halisi, na hutokea sana katika usingizi mzito, wakati gamba la ubongo linatoa mawimbi makubwa ya polepole, takribani moja kwa sekunde au pungufu. Inadhaniwa kwamba marudio hayo husaidia kukaza viungo kati ya seli zinazobeba somo hilo.

Jaribio ninalolipenda zaidi lakini ni la zamani kuliko hayo. Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, John Jenkins na Karl Dallenbach waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana yoyote wazikariri. Wakawapima baada ya saa 1, 2, 4 na 8, mara nyingine wakiwa wamelala muda huo, mara nyingine wakiwa macho na shughuli zao za kawaida. Walipokuwa macho, walizidi kusahau kadiri saa zilivyopita. Walipolala, walisahau kiasi katika saa 2 za mwanzo, kisha upotevu ukakaribia kusimama. Watu walewale, orodha za aina ileile, muda uleule. Jenkins na Dallenbach wenyewe walidhani usingizi unakinga tu, kwa kuzuia mambo mapya yasiingilie ya zamani. Leo tunajua unakinga na unajenga pia.

Kwa hiyo lile somo gumu kuliko yote ya siku lipeni saa ya mwisho kabla ya kulala, kisha zimeni simu. Msimalizie na vichekesho vya mtandaoni. Asubuhi, kabla hamjafungua daftari, chukueni karatasi tupu mchore kile mlichosoma jana kwa kumbukumbu tu. Wanafunzi wengi husoma tena na tena bila kujipima, wakidhani kulitambua jambo likiwa mbele ya macho ni sawa na kulikumbuka. Mchoro wa asubuhi unaonyesha kilichokaa na kilichotoroka, na tendo lenyewe la kuvuta kumbukumbu linaiimarisha.

Usiku haugawanyiki sawasawa. Usingizi mzito unajaa zaidi nusu ya kwanza. Usingizi wa ndoto, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope, unaongezeka kuelekea alfajiri. Mizunguko hii huchukua kama dakika 90 kila mmoja. Anayelala saa nane usiku akaamka saa kumi na moja hajapunguza kitu kidogo, amekata sehemu nzima za kazi. Vijana wa umri wenu wanahitaji muda wa saa 7 hadi 9. Hata ustadi wa mikono, kama kushona kidonda au kuandika kwa kompyuta, huwa mwepesi zaidi baada ya kulala kuliko ulivyokuwa mlipoacha mazoezi jana yake.

Najua Dar. Anayetoka Chanika au Mbagala anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kukimbia foleni, na kigodoro cha mtaani, ile ngoma ya usiku kucha, hakimuulizi mtu kama ana test kesho. Ukiwa unaamka saa kumi na nusu, kitandani uwe umeshafika saa tatu na nusu usiku. Kwa hiyo kazi kubwa imalizie chuoni kabla ya kupanda gari jioni. Ndani ya daladala, hata kama umesimama umeshika bomba, jiulize maswali kichwani bila kufungua madesa, yaani notisi zako. Joto la Januari linasumbua usingizi kwa sababu mwili unahitaji kupoa kidogo ili usingizi uje: oga kabla ya kulala, fungua madirisha, ingia kwenye chandarua. Umeme ukikatika na feni ikasimama, vumilia ulale hivyohivyo, usigeuze kuwa sababu ya kukesha na simu.

Kahawa ina hesabu yake. Kwa watu wengi nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa maana kwamba kikombe cha saa mbili usiku bado kina nusu ya nguvu saa saba usiku. Inyweni asubuhi. Mchana mkizidiwa, laleni dakika 20. Kama kuna nafasi, dakika 90 kwenye kochi la mwenzenu zitafanya hata kazi ya kuhifadhi.

Swali ninaloulizwa kila muhula: mtihani ni kesho, nusu ya madesa sijayagusa, nifanyeje? Chagua mada zenye uzito zaidi, zisome mpaka saa tano usiku, ulale. Ubongo uliokesha hupokea mambo mapya kwa shida, kwa hiyo zile kurasa unazozisoma saa tisa usiku zinaingia vibaya, na unawapelekea wasimamizi kichwa ambacho hata ya wiki iliyopita kinayatafuta. Mada chache zilizokaa zinajibika. Nyingi zilizopitiwa juujuu hazijibiki.

Mnaokaa hosteli, wiki hii hii kaeni na wenzenu wa chumbani mkubaliane saa ya kuzima taa. Anayetaka kuendelea aende maktaba au kimbweta, na simu ziwe kwenye mtetemo. Ni rahisi kukubaliana sasa, hakuna aliyechoka. UE zikifika, kila mtu ana hasira na hakuna atakayemsikiliza mwenzake.