Kuruwiji wa Taita: usilipe kabla hujatajiwa msitu

Umetubandikia tangazo la dalali wa safari ya kumtazama kuruwiji wa Taita, ndege wa Milima ya Taita, Kenya, ukauliza kama ulipe. Hiyo arbuni usiitume! "Taita Hills siku mbili, kuruwiji uhakika, chumba kinatazama tembo wakinywa maji." Maneno hayo hayo niliuziwa mimi, na nikiyasoma hapa tumbo linanikata.

Ndugu yangu, madalali wanaita Taita Hills mpaka ile nyika ya chini, ukishapita Mwatate kuelekea Taveta. Migunga na vumbi jekundu. Kuruwiji unayemtaka, kwa jina la kisayansi Turdus helleri, hashuki huko hata ukimwalika harusini. Duniani kote ana misitu mitatu tu: Mbololo, Ngangao na Chawia, na ukiijumlisha haifiki hektari 500. Anashinda chini kwenye kivuli kizito akipekua majani makavu. Mikaratusi iliyopandwa pembeni haimfai, na mashamba yaliyo kati ya msitu na msitu huyavuka kwa nadra mno.

Mimi nililipa kila kitu mapema: gari, chumba, kiongozi. Asubuhi kiongozi ananionyesha ndege kwenye nyasi za hoteli. "Huyo hapo, mdomo wa chungwa!" Nikapiga picha mpaka kadi ikajaa. Nafika nyumbani, nazikuza: mgongo wa kijivu, ngozi ya chungwa imezunguka jicho, koo jeupe lenye michirizi. Turdus tephronotus, kuruwiji wa nyikani! Wa Taita kichwa na kifua vimekoza weusi, tumbo jeupe, ubavu rangi ya kutu. Nampigia dalali, ananiambia, "Bosi, si kuruwiji ni kuruwiji?" Hoteli haina kosa, mwizi ni yeye. Na milima yenyewe nilikuwa naiona pale barazani, nimekaa nakunywa chai ya bei ya mbuzi! Tembo niliwaona, sikatai. Lakini tembo hata ukipanda treni ya Mombasa unawaona dirishani.

Kwa hiyo muulize swali moja: msitu gani? Akijibu "Taita Hills", kata simu. Akisema Ngangao, muulize mtalala wapi. Asipotaja Wundanyi, mji ulio huko juu milimani, au jirani yake, kata vilevile. Hela hazitoki mpaka jina la msitu liandikwe kwenye ujumbe. Au achana naye kabisa: panda matatu Voi hadi Wundanyi, tafuta mwenyeji anayeujua msitu, muingie kukipambazuka, mkae kimya msikilize majani yanayopekuliwa. Beba sweta, Ngangao ni mita 1,700 kwenda juu.

Uliuliza pia ubebe lenzi gani ya kamera, na uende mwezi gani. Lenzi chukua inayomudu giza. La mwezi watakujibu wengine. Hebu niambie kwanza, hela umeshatuma au bado?