Kabla hujanunua mashine ya kusaga chupa

Ndugu yangu, umeuliza kama akiba yako uiweke kwenye mashine ya kusaga chupa za maji hapo Dodoma, uuze vipande kwa viwanda vya Dar es Salaam. Mimi ningeanza na mzani na mashine ya kufunga marobota. Chupa ambayo haijabanwa ni hewa tu: lori linajaa kabla halijapata uzito, na nauli inakula faida.

Kusaga kuna kazi yake. Chupa ya maji ni plastiki aina ya PET, vipande vyake huzama majini. Kizibo ni plastiki nyingine, polipropilini au polietilini, huelea. Ndiyo maana vipande huoshwa kwenye tangi na vya vizibo vikaenguliwa juu. Adui ni PVC, plastiki ya aina nyingine tena, inayoingia kupitia baadhi ya lebo. Nayo inazama, na inaungua kabla PET haijayeyuka kwenye nyuzi 250 hivi za Selsiasi, ikiacha madoa na asidi inayokula mitambo. Mnunuzi akiiona anashusha bei au anarudisha mzigo. Hapo bado maji, umeme na kunoa visu (visu watu huvisahau kabisa kwenye hesabu).

Bei pia haiko mikononi mwako. Mafuta ghafi yakishuka, plastiki mpya inakuwa nafuu na yako inakosa soko zuri, kwa hiyo usiwaahidi waokota chupa bei ya kudumu. Tafuta mnunuzi kwanza, mwandikiane: rangi zipi, unyevu kiasi gani, analipa lini. Akikubali marobota, mashine isubiri.