Kabla hujasaini fomu ya upasuaji wa tezi dume, uliza utabakiwa na nini

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Amechukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi cha kupimwa, majibu yametoka, ana saratani ya tezi dume na ameshapangiwa upasuaji. Aliuliza jambo moja tu: "Kaka, nile nini ili niingie chumba cha upasuaji nikiwa na nguvu?" Niliurudia ujumbe wake nikitafuta mahali anaposema ameelezwa nini kuhusu mkojo, kuhusu ndoa, kuhusu maisha baada ya mshono kupona. Hapakuwa na neno. Nilimjibu kwa kifupi siku ileile, ila najua wapo wengine wengi wenye tarehe mkononi na hawajui wamekubali kitu gani. Kwa hiyo leo nasema waziwazi yale ambayo sisi wanaume huyasema kwa kunong'ona, au hatuyasemi kabisa.

Mimi nimefanyiwa upasuaji huo. Tezi ilitolewa yote na saratani ikaenda nayo. Tangu hapo PSA yangu, kile kipimo cha damu cha kufuatilia tezi dume, iko chini kabisa, pale daktari anapotaka iwe. Sivai nepi. Ndoa yangu ina uhai. Nayasema haya kwa fahari, maana kwa daktari wa kwanza niliyemwona mambo hayakuwa yakielekea huko.

Nilikwenda kwake na mke wangu. Nikamuuliza kama nguvu za kiume zitarudi baada ya upasuaji. Hakuinua macho kwenye faili. "Umri huu unataka nini tena? Shukuru Mungu tumeiwahi." Mke wangu akainama. Ni kweli tuliiwahi, na namshukuru Mungu hadi leo. Lakini maneno yale bado yananichoma nikiyakumbuka, kwa sababu alinikatia hukumu ya maisha yangu ya ndani bila hata kuniuliza. Nilichukua nakala za majibu yangu nikaenda kwa daktari mwingine, na huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwako: majibu ni yako, omba nakala, tafuta maoni ya pili.

Daktari wa pili alichukua karatasi akachora. Akaweka kibofu juu, tezi chini yake, na njia ya mkojo ikipita katikati ya tezi. Chini ya tezi akachora msuli unaofunga mkojo. Kisha akavuta mistari miwili myembamba, mmoja kila upande, nyuma kidogo. Akasema mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita hapo, myembamba na imeshikamana na tezi kama utando wa buibui kwenye kona ya ukuta. Akaweka kalamu juu ya mstari wa kulia akaniambia, "Huu ndio utakaotusumbua." Karatasi ile ninayo mpaka sasa.

Nilipotoka pale nikaanza kusoma, na niliyoyakuta yalinishangaza. Upasuaji wa kuondoa tezi dume yote kwa ajili ya saratani ulianza mwaka 1904 kwa mikono ya Hugh Hampton Young, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Kwa miongo mingi baada ya hapo, karibu kila mwanaume aliyefanyiwa alipoteza nguvu za kiume, na wengi wakabaki wanavuja mkojo. Madaktari waliona ndiyo gharama yake. Eneo lenyewe lilikuwa likijaa damu, daktari anafanya kazi kwa kupapasa, na wengi waliamini mishipa ile inapita ndani ya tezi, kwa hiyo ikitoka tezi inatoka nayo.

Patrick Walsh, daktari wa upasuaji wa hospitali hiyohiyo, alitafuta kwanza namna ya kuzuia ile damu ili aone anachokata. Mwaka 1981 akiwa Leiden, Uholanzi, alikutana na Profesa Pieter Donker, mzee aliyekwisha kustaafu lakini bado anachambua mishipa ya fahamu kwenye mwili wa mtoto wa kiume aliyezaliwa amekufa. Wakaifuata pamoja. Mishipa ilikuwa nje ya tezi, ubavuni. Tarehe 26 Aprili 1982 Walsh alifanya upasuaji wa kwanza wa kuinusuru kwa makusudi. Mgonjwa alipona saratani na nguvu zake zikarudi. Fikiria hao wote waliotangulia, waliambiwa washukuru tu.

Sasa, usisikie habari hii ukaenda kumwambia daktari "nibakizie mishipa" ukadhani umemaliza. Saratani ikiwa imefika ukingoni mwa tezi, kuacha mishipa iliyogusana nayo ni kuacha saratani ndani. Hapa ndipo mbinu mpya zinapoingia. Ipo inayoitwa NeuroSAFE, iliyoendelezwa Hamburg, Ujerumani: mgonjwa akiwa bado usingizini, tezi ikishatoka, kingo zake zilizokuwa zimegusana na mishipa hugandishwa kwa baridi, hukatwa vipande vyembamba na kuangaliwa kwa hadubini. Ukingo ukiwa safi, mishipa inabaki. Ukiwa na saratani, daktari anarudi kuondoa mishipa ya upande ule. Matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali tano za Uingereza yalitolewa mwaka 2025: mwaka mmoja baada ya upasuaji, waliokuwa na tatizo kubwa la nguvu za kiume walikuwa asilimia 38 kwa waliofanyiwa hivyo, na asilimia 56 kwa waliofanyiwa kwa njia ya kawaida. Huko Milan nako, tangu 2010, kuna njia ya kuifikia tezi kwa kupita nyuma ya kibofu ili vishikizo vya mbele vinavyoshikilia kibofu na njia ya mkojo visiguswe, na wengi wanaofanyiwa hivyo huacha kuvuja mapema zaidi.

Kwangu mimi mishipa ya kushoto ilibaki yote. Ya kulia iliondolewa sehemu. Nilikuwa nimeelezwa mapema kwamba huenda ikawa hivyo, na nilikubali nikijua.

Watu huniuliza sana kuhusu roboti. Roboti haifanyi upasuaji peke yake. Inaongozwa na mkono wa daktari. Utafiti wa Brisbane, Australia, uliotolewa mwaka 2016 ulilinganisha roboti na upasuaji wa kawaida wa wazi, na wiki 12 baadaye hakukuwa na tofauti ya maana katika mkojo wala nguvu za kiume. Kwa hiyo usiulize mashine. Muulize daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi, na wagonjwa wake wangapi wanavaa pedi baada ya mwaka. Daktari mzuri hatachukia swali hilo. Wangu alinijibu bila kusita.

Na kabla ya yote, uliza kama unahitaji kukatwa sasa. Uingereza walifuatilia wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa haijatoka nje ya tezi: wengine walipasuliwa, wengine wakapigwa mionzi, wengine wakafuatiliwa kwa vipimo tu. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama asilimia 3 tu kati yao wote, na makundi yalikaribiana. Ya kwangu ilikuwa ya aina isiyofaa kusubiriwa. Ya kwako huenda siyo. Uliza.

Anza mazoezi ya msuli wa nyonga kabla ya upasuaji, usingoje mpaka utolewe mpira wa mkojo unaowekwa wakati wa upasuaji. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha hivi: kaza kama unayezuia upepo usitoke ukiwa kikaoni, tumbo na makalio yatulie, hesabu, legeza, rudia. Nilifanya nikiwa nimekaa, nimesimama, hata nikiongea na wageni. Siku mpira ulipotolewa nilivuja, kama wengi wanavyovuja. Sikuacha mazoezi. Ukavu ulianza usiku, mchana ukafuata, kisha hata nikipiga chafya.

Nguvu za kiume huchelewa zaidi. Mishipa hata ikinusuriwa hupata mshtuko, na inaweza kuchukua hadi miaka miwili kuamka. Zipo dawa na vifaa vya kusaidia. Omba mpango huo uwekwe kabla ya upasuaji, mkeo akiwepo. Ujue pia kwamba shahawa hazitatoka tena, ingawa kilele chenyewe kinabaki, na hisia za uume zinapita kwenye mshipa mwingine. Kama bado mnataka mtoto, zungumzeni kuhifadhi mbegu mapema.

Ndugu zangu, tuache kuona aibu. Mwanaume anakubali kufa na swali mdomoni ili asionekane ana tamaa. Kutaka kuzuia mkojo wako si tamaa. Kutaka kumkumbatia mkeo bila kujificha si tamaa. Daktari ana elimu na namheshimu, lakini mwili utakaoamka kitandani ni wako, na kuuliza ni haki yako. Uliza. Akikasirika, uliza mwingine.

Kama hospitali uliyopo hawafanyi upasuaji wa kunusuru mishipa, omba barua ya rufaa. Kwa saratani ambayo bado iko ndani ya tezi, wiki chache za kutafuta maoni ya pili kwa kawaida hazibadilishi matokeo. Muulize daktari wako una muda kiasi gani, umwambie aandike jibu kwenye faili, kisha ondoka na nakala ya majibu ya kinyama na ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Hizo ndizo daktari wa pili atakazotaka kuziona kwanza.