Kabla hujalishtaki jimbo, tafuta jina la aliyesaini barua

Barua ilinifikia nikiwa katikati ya kichwa cha mteja, twende kilioni, upande mmoja tayari. Ilitoka bodi ya leseni ya jimbo ninaloishi hapa Marekani. Nasuka nywele bila leseni ya urembo, nifunge mara moja na nilipe faini. Leseni yenyewe ilidai saa zaidi ya elfu moja za darasani: kupaka rangi, kunyoosha nywele kwa dawa, kukata. Sijawahi kumfanyia mteja hata kimoja kati ya hivyo. Kusuka nilifundishwa na shangazi yangu, na katika mtaala ule kusuka hakukuwamo.

Kina dada wengi wananiuliza tulianzaje kesi. Mimi si wakili, nasimulia niliyoyaona nikiwa mlalamikaji.

Pamoja na barua ilikuja fomu ya kukiri kosa, ukisaini unapunguziwa faini. Nilishaishika kalamu. Usisaini kitu kabla wakili hajakisoma, maana nilikuwa karibu kukiri kwa mkono wangu kwamba sheria ile ni halali kwangu. Bahasha pia usitupe, muhuri wake wa tarehe una kazi.

Kilichonichukua muda mrefu kuelewa ni hiki: jimbo lenyewe huwezi kulishtaki. Lina kinga ya kutoburutwa katika mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali ya taifa, bila ridhaa yake. Njia ilifunguliwa mwaka 1908, katika kesi ya nauli za reli iliyomhusu Edward Young, Mwanasheria Mkuu wa Minnesota. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema ofisa anayetekeleza sheria inayovunja Katiba hawezi kujificha nyuma ya kinga ya jimbo, anaweza kuzuiwa. Ndiyo maana hati yetu ya madai ilikuwa na majina ya wajumbe wa bodi. Nilipoyaona roho iliniuma, nikahisi tunawaonea watu na familia zao. Wakili akanituliza: tunawashtaki kwa vyeo vyao, hakuna atakayetoa senti mfukoni, tunaomba amri ya kuwazuia tu. Kifungu cha sheria ya shirikisho tulichotumia, namba 1983, kinachokuruhusu kumshtaki ofisa wa jimbo anayevunja haki zako za Katiba, kinatokana na sheria ya mwaka 1871.

Kwa hiyo ukienda kwa wakili, nenda unajua unataka nini. Ukitaka kurudi kazini, njia hii inakufaa. Ukitaka fidia kutoka hazina ya jimbo, kwa njia hii huipati.

Uliza pia ni katiba ipi iliyovunjwa, ya Marekani au ya jimbo. Tangu 1984 mahakama za shirikisho haziwezi kuwaamuru maofisa wa jimbo wafuate sheria za jimbo lenyewe, kesi ya namna hiyo inakwenda mahakama za jimbo. Wengi wanaidharau katiba ya jimbo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini mwaka 2015 watoa nyusi kwa uzi walishinda mbele ya Mahakama ya Juu ya Texas kwa katiba ya Texas. Walikuwa wakidaiwa mafunzo ya saa 750, na angalau 320 kati ya hizo hazikuhusiana na kazi yao.

Hesabu ya aina hiyo ndiyo inayobeba kesi. Katika masuala ya leseni, mahakama ya shirikisho huliachia jimbo nafasi kubwa sana: likiwa na sababu yoyote yenye mantiki, sheria inasimama, na mzigo wa kuonyesha kwamba haina mantiki ni wako. Machozi yako mahakamani hayaubebi mzigo huo. Mimi nilichukua mtaala wa chuo nikakaa nao mezani usiku tatu, ukurasa kwa ukurasa, nikiandika pembeni: hili linahusu kusuka, hili halihusu. Nikaongeza risiti, picha za vifaa vyangu na namna ninavyovisafisha, na orodha ya wateja waliokuwa tayari kuapa kwamba sijawahi kuwatia dawa kichwani. Wakili aliitumia karibu yote. Jestina Clayton, msusi aliyetoka Sierra Leone, alishinda Utah mwaka 2012 kwa hoja ya jinsi hii. Jimbo lilimtaka asome saa 2,000, na jaji akaona mafunzo yale hayahusiani na kazi aliyoifanya.

Missouri mambo yalikwenda vingine. Wasusi wawili walishindwa katika rufaa mwaka 2018, lakini mwaka huohuo bunge la jimbo likabadilisha sheria. Naamini kelele za kesi zilisaidia. Kwa hiyo wakati mawakili wanaandika, wewe tafuta mbunge wako wa jimbo, mpelekee hadithi yako na ile hesabu ya saa.

Kwangu pia bunge lilitangulia. Sheria ilibadilishwa kesi ikiendelea, jaji akaifunga kwa kuwa hakukuwa tena na cha kuzuia. Nilipata nilichotaka, hukumu sikupata, na hilo lina gharama yake. Mwaka 2025, katika kesi ya leseni za udereva ya Virginia, Mahakama ya Juu iliamua kwamba zuio la muda pekee, yaani amri ya kusimamisha jambo wakati kesi inaendelea, halikufanyi mshindi anayestahili kulipiwa ada za mawakili na upande wa jimbo. Wangu walikuwa shirika linalotetea bure, kwa hiyo sikudaiwa. Ukimkodi wakili binafsi, muulize siku ya kwanza: jimbo likibadilisha sheria katikati, ada yako nani anailipa?

Na muulize ukomo wa muda wa kufungua kesi. Kwa kesi za kifungu 1983 unafuata sheria ya madai ya majeraha ya jimbo husika. Kentucky na Tennessee ni mwaka mmoja tu, kwingine ni zaidi. Nenda na bahasha yako, aisome tarehe ya muhuri mwenyewe.